Namna ya Kufuatilia Safari ya Babu Aliyebeba Mizigo Katika Vita vya 1914 hadi 1918: Mwongozo kwa Familia za Moshi na Arusha

Zipo familia nyingi za Kilimanjaro na Meru ambazo zimebaki na maneno machache tu kuhusu vita hivyo: kwamba babu wa babu alichukuliwa na Mdachi, yaani Mjerumani, au na Mwingereza, akatwishwa mzigo, akapelekwa kusini ambako hakuna ndugu aliyekujua, na akarudi amekonda hata mama yake mzazi akasita kumpokea, au hakurudi kabisa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyerithi maneno ya namna hiyo na anayetaka kujua mzee wake alipita wapi, alikula nini, alikuwa chini ya nani na, ikiwa hakurudi, huenda alifia wapi. Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba usianze kwa kutafuta jina lake. Majina ya wapagazi hayakuandikwa kwa uangalifu, na mengi kati ya yaliyoandikwa yalipotea au yalipewa tahajia ambayo hata mwenyewe asingeitambua. Kilichoandikwa siku baada ya siku ni mwendo wa jeshi. Kwa hiyo tafuta kwanza msafara, kisha umweke babu ndani yake.

Ijue njia ya vita kabla ya kumhoji mtu yeyote

Vita vilipoanza Agosti 1914, Moshi ilikuwa mwisho wa reli iliyotoka Tanga, ambayo ilifika hapa mwaka 1911, na kwa sababu hiyo jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lililifanya eneo hili kuwa kituo chake kikuu cha kaskazini. Mwezi huohuo Wajerumani waliiteka Taveta, ng'ambo ya mpaka. Tarehe 3 Novemba 1914 walilizuia shambulio la Waingereza kule Longido, katika siku zilezile ambazo Waingereza walishindwa vibaya Tanga. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo, wenyeji wa mlima huu waliobeba mizigo waliibeba kwa Mjerumani: chakula cha kambi, risasi na mahitaji ya askari waliokuwa wakienda kulipua reli ya Uganda.

Mambo yaligeuka Machi 1916. Jenerali Jan Smuts, kamanda wa jeshi la Waingereza, alishuka kutoka upande wa Taveta, huku kikosi kingine kikitoka Longido na kupita kati ya Meru na Kilimanjaro hadi Boma ya Ng'ombe. Mapigano ya vilima vya Latema na Reata yalikuwa usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi, mji wa Moshi ukachukuliwa tarehe 13, na Kahe ikaangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 21. Arusha nayo ilichukuliwa mwezi huohuo. Maana yake kwa mtafiti wa familia ni kubwa: mtu mmoja kutoka Old Moshi au Machame angeweza kumbebea Mjerumani hadi Machi 1916 na kumbebea Mwingereza kuanzia Aprili, bila yeye mwenyewe kubadili chochote isipokuwa bwana aliyemwamuru. Familia zinazobishana kama babu alikuwa wa upande huu au ule mara nyingi zote mbili zina haki.

Kutoka hapa vita vilielekea kusini na havikurudi tena. Msafara mmoja ulitoka Arusha kwenda Kondoa, mwingine ukafuata reli ya Tanga na Mto Pangani kabla ya kukata kwenda Handeni na Morogoro. Dodoma ilichukuliwa mwisho wa Julai 1916, Morogoro mwisho wa Agosti, na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Mwaka 1917 ulikuwa wa Rufiji, Kilwa na Lindi, na mwezi Oktoba yalitokea mapigano ya Mahiwa, ambayo yanahesabiwa kuwa miongoni mwa mabaya kuliko yote ya vita hivyo katika Afrika Mashariki. Novemba 25, 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, akasalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Vijana huuliza kwa nini jeshi lenye bunduki za rashasha, magari na hata ndege lilihitaji vichwa vya watu. Jibu la kwanza ni mbung'o, waliowaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. La pili ni mvua, iliyofanya barabara zisipitike kwa magari. Jibu la tatu ni hesabu, nayo inafaa kufanywa kwa kalamu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25. Tukikadiria kuwa mpagazi alikula kilo moja ya unga kwa siku, safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi ilimmalizia kilo 20, na zilizomfikia askari ni 5 tu. Ndiyo maana kila hatua ya kwenda kusini ilidai watu wengi zaidi, wa kuwabebea chakula wale waliobeba chakula. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Uingereza peke yake walikaribia 100,000, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko risasi.

Kumhoji mzee

Aliyebeba mzigo mwaka 1916 hayupo tena. Utakayemhoji ni mjukuu wake, mzee au bibi mwenye miaka themanini na kitu, aliyezisikia habari hizi akiwa mtoto jikoni kwa bibi yake. Nenda ukiwa na mtu anayefahamika katika ukoo, mwamkie, jieleze wewe ni mtoto wa nani na wa kihamba (shamba la ukoo) kipi, na usitoe simu ya kurekodi kabla ya kuomba ruhusa. Ukikaribishwa mbege au chai, pokea. Anayeingia na karatasi ya maswali mkononi hupewa majibu ya mkutano wa hadhara.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuuliza, "Babu, ilikuwa mwaka gani?" Mzee atakupa mwaka kwa sababu ya adabu, na mwaka huo utakupoteza. Uliza mambo ambayo mtoto angeyakumbuka kwa sababu yalimshangaza. Alipoondoka, ilikuwa masika au kiangazi? Ulezi ulikuwa shambani au umekwisha kuvunwa? Alikuja kuchukuliwa na nani: askari, mangi (mtawala wa Wachaga), au mchili (msaidizi wa mangi) wa mtaa? Walitembea kwa miguu kutoka nyumbani au walipandishwa treni? Mto gani walivuka, na kwa nini? Kulikuwa na farasi? Wazungu aliofuatana nao walisemaje, na waliwaita wapagazi kwa jina gani? Alirudi na nini?

Swali la chakula lisiachwe. Watu waliozoea ndizi walipata taabu kubwa walipopewa unga wa mahindi ambao haukupata muda wa kuiva. Madaktari wa jeshi waliona hivyo kwa wapagazi kutoka Uganda, na hakuna sababu ya kudhani kwamba tumbo la Mchaga lilikuwa tofauti. Mzee akikwambia kuwa babu yake aliuchukia ugali hadi kufa kwake, usicheke ukapita. Andika, kwa maana huo ni ushahidi wa kambi.

Kwa Waarusha na Wamasai, uliza rika. Tuati na Tareto ndio waliokuwa na umri wa kuchukuliwa katika miaka hiyo, na mzee atalijua rika la babu yake hata kama hajui umri wake. Kwa Wachaga, kipimo kizuri zaidi kiko kanisani. Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 na Kidia, Old Moshi, mwaka 1896. Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1890 na Kibosho mwaka 1893. Omba kwa adabu ofisi ya usharika au parokia ikusaidie kutazama vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa. Usitazame jina la babu pekee. Tazama watoto wake: ukiona mtoto amezaliwa mwaka 1915, kisha kimya, kisha mwingine mwaka 1920, pengo hilo laweza kuwa ndiyo safari unayoitafuta, na tarehe zake ni za uhakika kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Vitu vya nyumbani navyo vitazamwe, lakini kwa tahadhari. Baadhi ya koo zimehifadhi sarafu ya shaba ya heller 20 yenye taji, mwaka 1916 na herufi T, iliyotengenezwa Tabora wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao. Sarafu hiyo ni ya vita kweli, ila haithibitishi kuwa babu alilipwa na Mjerumani, kwa sababu fedha hupita mikono mingi. Kuhusu kila jengo la mawe ambalo waongoza watalii wetu huliita la Mjerumani, heri ninyamaze.

Kugeuza simulizi kuwa tarehe

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na inastahili kuonyeshwa kwa mfano. Tuseme bibi mmoja wa Arusha amekupa simulizi la namna hii: babu yake alichukuliwa na Wazungu wapya, wakatoka Arusha, mvua ikawanyeshea njia nzima, farasi wakafa mmoja mmoja hadi njia ikanuka, wakafika kwenye mji wenye milima, wakakaa huko muda mrefu kwa njaa, na usiku mmoja wakashambuliwa.

Chukua kipande kimoja kimoja. Wazungu wapya waliotoka Arusha hawawezi kuwa wa kabla ya Machi 1916, kwa sababu kabla ya hapo bendera ilikuwa ya Ujerumani. Mvua ya njia nzima ni masika, yaani Aprili au Mei. Farasi wengi wanakuambia ni askari wapanda farasi, nao walikuwa Waafrika Kusini wa Jenerali Jaap van Deventer. Kikosi hicho kiliondoka Arusha mwanzoni mwa Aprili 1916, kikapigana katika mlima wa Lolkisale siku chache baadaye, na kikaingia Kondoa tarehe 19 Aprili kikiwa kimepoteza sehemu kubwa ya farasi wake. Mvua ilifunga njia ya nyuma yao, wakakaa Kondoa kwa nusu mgawo, na usiku wa tarehe 9 Mei Lettow-Vorbeck akawashambulia bila kufanikiwa. Kila alama ya simulizi la bibi imepata mahali pake, na sasa una msafara, una njia na una majuma matano ya tarehe, ijapokuwa jina la babu halijaonekana popote.

Fanya hivyohivyo na simulizi nyingine. Daraja lililovunjwa na mzinga mkubwa ulioachwa porini ni Kahe: Wajerumani walipoondoka pale waliharibu daraja la reli juu ya Mto Pangani na kuuacha mzinga mmoja uliotolewa kwenye manowari ya Königsberg, ile iliyozamishwa Rufiji Julai 1915. Maji yasiyo na mwisho, watu wakilala juu ya miti au magogo, ni Rufiji ya mwanzo wa 1917. Wareno wakitajwa, uko Msumbiji na tayari ni mwisho wa 1917 au 1918. Homa iliyoua vijiji vizima wakati babu anarudi ni ile mafua kuu ya mwisho wa 1918. Simulizi lenye mambo mawili yasiyoweza kukaa mwaka mmoja usilitupe. Huenda limeunganisha safari mbili, au watu wawili wa ukoo mmoja.

Kuingia katika nyaraka

Ukiisha kuwa na msafara, nyaraka huanza kusema. Shajara za vita za vikosi vya Uingereza zimehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, London, katika kundi la WO 95, na barua za serikali ya Tanganyika ziko katika kundi la CO 691. Shajara hizo ni fomu zenye safu ya mahali, tarehe, saa na muhtasari wa matukio, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Tafuta siku ambazo idadi ya wapagazi inatajwa, au waliougua, au waliotoroka. Neno la kutoroka lisikuaibishe. Mtu aliyelazimishwa kubeba mzigo nusu ya nchi kwa unga mbichi alikuwa na sababu.

Hapa nchini, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina mafaili ya utawala wa Wajerumani pamoja na ya Waingereza, nayo Dar es Salaam ni safari ya basi moja tu kutoka Moshi. Mafaili ya Kijerumani yanadai msomaji wa mwandiko wa kale wa Kijerumani, kwa hiyo usiende kabla ya kumpata. Wamisionari wa Leipzig waliandika barua na ripoti nyingi kuhusu watu wao kuchukuliwa, na nyaraka za shirika lao ziko Halle, Ujerumani. Kwa maoni yangu hizo ndizo zenye thamani kuliko zote kwa Mchaga, kwa sababu mmisionari alimjua mtu kwa jina la ubatizo, ilhali afisa wa jeshi alimjua kwa mzigo.

Kuna mtego wa majina ya mahali unaowaangusha wengi. Nyaraka za Kiingereza hutaja Old Moshi na New Moshi: ya kwanza ni ile ya mlimani, penye boma la zamani na nchi ya Mangi Meli aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na ya pili ni kituo cha reli ambacho ndicho mji wa leo. Ukizichanganya, utamweka babu yako mahali ambapo hakuwa. Wajerumani waliandika Moschi, Aruscha, Madschame na Kiboscho. Waingereza waliandika Lol Kissale na Kondoa Irangi. Tafuta kwa tahajia zote.

Kuikanyaga njia yenyewe

Huna haja ya kwenda hadi Ruvuma. Kutoka Moshi, Kahe inafikika kwa siku moja, na Latema na Reata ziko ng'ambo ya Holili karibu na Taveta, kwa hiyo beba pasipoti au hati ya kusafiria. Barabara ya kutoka Taveta kwenda Voi hupita karibu na kilima cha Salaita, ambako Waafrika Kusini walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916. Kwa upande wa Arusha, anza na Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho, kisha fuata njia ya Lolkisale kuelekea Kondoa. Nenda kiangazi ikiwa unataka kuona ardhi. Lakini mtu anayetaka kuelewa Aprili 1916 akasimame saa moja kwenye udongo mweusi wa tambarare wakati wa masika, akiwa na ndoo ya maji ya lita ishirini kichwani, nayo bado ni nyepesi kuliko mzigo wa babu.

Piga hodi ofisi ya kijiji kabla ya kupanda kilima chochote, na uende na mwenyeji. Ukiona maganda ya risasi, yaache, na kitu chochote kinachofanana na bomu usikiguse hata kama kimeoza kwa kutu.

Makaburi nayo yatembelewe kwa macho mawili. Moshi na Taveta yapo makaburi ya vita yaliyopangwa vizuri, yenye majina ya askari. Wapagazi hawamo, au wamo wachache mno. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliowekwa mwaka 1927, unawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi bila kutaja jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kuwa maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu, na ikaahidi kurekebisha. Familia yenye jina, njia na tarehe za kukadiria inaweza kuiandikia tume hiyo. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kufanya kazi hii kwa uangalifu.

Kuandika ulichokipata

Andika kwa kalamu tatu, yaani utofautishe wazi kile kilichosemwa na mzee, kile kilichomo katika nyaraka, na kile ulichokikisia wewe kwa kuunganisha hivyo viwili. Taja aliyesimulia, siku na mahali, ikiwa ameridhia. Usipambe. Babu aliyekuwa mpagazi usimfanye askari kwa kuwa askari ana mnara. Na babu aliyekuwa askari wa Mjerumani usimfiche kwa kuwa upande wake ulishindwa.

Kwa yule ambaye hakurudi, andika mahali pa mwisho ambapo simulizi na nyaraka vinakubaliana, pamoja na tarehe za karibu, na ueleze ni kwa nini unaishia hapo. Koo nyingine zitataka kufanya jambo la kimila kwa ajili yake, pengine kupanda sale, mmea wa heshima kwa Wachaga, kihambani au kumwombea misa. Hilo ni la wazee kuamua, na mtafiti asilitangulie. Nakala moja ya maandishi ikae kwa mkuu wa ukoo, nyingine katika ofisi ya kanisa iliyokufungulia vitabu, na ya tatu kwa ndugu anayeishi nje ya mkoa.